Kadi Tatu za Raundi ya Saba

Mtaani walimwita Jaji, ingawa kazi iliyomlisha ilikuwa ya kupanga barua posta, na hakuwahi kuvaa joho wala kumfunga mtu. Jina lilitokana na ngumi. Kwa miaka kumi na minne, kila palipokuwa na pambano la maana, alikaa ubavuni mwa ulingo, kadi mapajani, penseli mkononi, akiwagawia mabondia pointi zao. Kisha akaacha ghafla. Waliomuuliza aliwajibu kwamba macho yamechoka, na kwa kuwa hakuwa mtu wa maneno mengi, hawakumchimba zaidi.

Kiharusi kilimkuta asubuhi moja akinyoa ndevu. Binti yake, aliyekuwa na miaka thelathini na mitano na kazi kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji, alimwona amekaa sakafuni bafuni, povu la sabuni shavu moja, anamkodolea macho kama mtu aliyesahau alichokuja kusema. Hospitali waliokoa roho. Wakamrudisha nyumbani na mkono wa kulia uliolala, mguu wa kuburuta, na maneno matatu tu: "hapana", "ile" na "basi". Akitaka maji alisema ile. Akitaka dirisha lifungwe alisema ile. Asipoeleweka alisema basi, akageukia ukuta.

Kila Jumatano alikuja muuguzi wa mazoezi ya kuongea na kadi zake za picha. Kikombe, kiatu, paka. Jaji aliyetoa hukumu mbele ya ukumbi uliojaa pomoni alimtazama paka yule kana kwamba amemtukana. Muuguzi hakukata tamaa. Alimweleza binti kwamba maneno ya baba hayajafa, yamepotea njia tu, na kwamba mgonjwa huyapata upesi akizungumzia kitu kilicho moyoni mwake. Akauliza baba anapenda nini hasa.

Binti alifikiri kidogo. "Kubishana," akasema.

Jumamosi iliyofuata, akiwa anapiga pasi sebuleni, aliweka kwenye kompyuta pambano la zamani la uzito wa juu, watu wawili wenye mabega kama makabati waliopigana kabla yeye hajazaliwa. Kuhesabu pointi alifundishwa na baba huyohuyo tangu akiwa msichana mdogo: mshindi wa raundi hupata kumi, aliyeshindwa tisa, na anayeangushwa hukatwa nyingine. Kengele ya raundi ya kwanza ilipolia, akasema kwa sauti, bila kuinua macho kutoka kwenye pasi, "Kumi kwa tisa, kona nyekundu." Alijua fika kwamba ni uongo. Nyekundu alikuwa amepigwa kama ngoma.

"Hapana," akasema Jaji.

"Kwa nini hapana?"

Midomo ikahangaika. Mkono wa kushoto ukapiga mkono wa kiti. "Bu," akasema. "Buluu. Kumi. Tisa. Buluu."

Binti aliiacha pasi juu ya shati, na shati likaungua mgongoni, naye wala hakujali. Miezi minne ilikuwa imepita bila baba yake kusema neno jipya.

Tangu siku hiyo Jumamosi zao zikawa za ngumi. Kiwandani kulikuwa na vipande vya kadi ngumu vilivyobaki kwenye mashine ya kukatia. Msimamizi alimruhusu avichukue, naye akavichapa mistari kumi na mitano, safu ya nyekundu na safu ya buluu. Jaji akaandika kwa mkono wa kushoto, tarakimu zimelalaliana kama walevi. Raundi ikiisha, kila mmoja anaonyesha kadi yake, na wakitofautiana lazima baba ajieleze. Hapo ndipo maneno yalipoanza kurudi, moja moja, mengine yakiwa yamevaa kinyume: kamba, mwili, kidevu, refa. Neno mwizi lilirudi mapema sana, nalo alilitumia kwa majaji wa mapambano karibu yote.

Mwezi wa pili haujaisha, alimaliza kuhesabu pambano moja la raundi kumi na tano, akaigeuza kadi yake na kuandika nyuma yake kwa herufi kubwa: SHOTO. Chini yake akaandika 7. Akamsukumia binti.

Binti hakuhitaji kuelezwa Shoto ni nani. Pambano la mwisho la baba yake kama jaji lilikuwa kati ya Tingatinga, aliyekwenda mbele tu kama jina lake, na kijana mwembamba wa mkono wa kushoto aliyeitwa Shoto. Ubingwa ulikuwa mezani. Jaji mmoja alimpa Shoto, mwingine akampa Tingatinga, na kadi ya tatu, ya baba yake, ikasema tisini na sita kwa tisini na tano, Tingatinga. Pointi moja. Binti alikuwa na miaka tisa, na alikumbuka walivyotoka ukumbini: kijana mwenye jicho lililofumba amesimama mlangoni, na baba yake akipita mbele yake kichwa chini, akimvuta yeye mkono mpaka ukauma.

"Unataka kuliona tena?" akamuuliza.

"Ile," akasema Jaji, na machozi yakamtoka. "Ile yangu."

Shangazi yake, dada wa Jaji, alipopigiwa simu alisema waziwazi kwamba ni wazimu kumchokonoa mgonjwa kidonda cha zamani. Binti alimsikiliza kwa heshima, akakata simu, akaanza kuitafuta kanda ya video ya pambano hilo. Chama cha ngumi walimwambia zao zililiwa na ukungu. Kocha mmoja mstaafu ndiye aliyemwelekeza: nakala iliyobaki anayo Shoto mwenyewe, na Shoto siku hizi ni fundi wa friji.

Alikwenda mchana wa Alhamisi, saa ya chakula. Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye friji zilizoachwa milango wazi pande zote mbili, na mwisho wake mtu mwenye mvi na pua iliyopinda, amechutama akichomelea bomba la shaba. Binti alimwamkia, akajitaja ni binti wa nani. Mtu yule hakuuzima moto. Alimaliza kiungo chake taratibu, akakikagua kwa kioo kidogo, ndipo akasimama na kuvua miwani.

Binti akamweleza yote, kiharusi, kadi, ile saba iliyoandikwa nyuma. Shoto akauliza swali moja tu, kama mzee anatambua watu. Akaambiwa anatambua. Akakiri kwamba kanda anayo, ilirekodiwa na msaidizi wake wa kona, naye hajawahi kuitazama hata siku moja.

"Niazime, mzee wangu," binti akasema. "Nitaitunza kama yai."

"Hiyo haitoki mkononi mwangu," Shoto akajibu. "Nitakuja nayo Jumamosi."

Siku mbili hizo binti hakupata usingizi wa maana. Aliwaza mtu mwenye kinyongo cha miaka ishirini na sita akiingia sebuleni kwao, na baba asiye na maneno ya kujitetea. Mara kadhaa alishika simu amwambie asije, na kila mara akairudisha mezani. Mwenzake wa kiwandani akampatia deki kuukuu ya kuchezea kanda, wakaifuta vumbi, ikakubali kuwaka.

Shoto alifika saa nane mchana, shati limenyooka, kanda ndani ya mfuko wa nailoni. Alisimama mbele ya kiti cha Jaji muda mrefu kidogo kuliko inavyopendeza, akiutazama ule mkono uliolala. Kisha akainama. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akasema Jaji, neno zima, safi, na binti akashusha pumzi.

Waligawana kadi tatu. Binti akaweka sharti: kila mtu anaandika kadi yake, anaifunika, na hakuna maneno wakati wa raundi. Picha ilikuwa mbovu, inatetemeka na kuchanika pembeni, lakini watu walionekana. Shoto wa miaka ishirini na minne alikuwa mwepesi kama moshi. Shoto wa leo alijikunja kwenye sofa, viganja katikati ya magoti, na kila ngumi ya Tingatinga ilipotua, bega lake lilishtuka. Mara moja alicheka peke yake. Raundi ya nne ilipoisha alimtupia Jaji jicho, lakini sharti ni sharti, akaifunika kadi yake.

Raundi ya saba ilianza vizuri kwa Shoto. Dakika ya mwisho ukumbi ukalipuka kwa kelele, na kamera ikahama kidogo, ikamwonyesha mpiga picha aliyeparamia ukingo wa ulingo na kusimama wima. Nyuma ya mgongo wake, akijinyoosha huku na huku ili aone, alikuwa mwanaume mwenye kadi mapajani.

Jaji akatoa sauti isiyo neno. Akanyoosha kidole cha kushoto kuelekea kioo cha televisheni. Binti akasimamisha kanda.

"Mpiga picha," akasema baba yake. Akapumzika. "Sikuona. Mimi... sikuona. Nikasikia watu. Nikaandika."

Binti akakaa pembeni ya kiti cha baba. Maisha yake yote baba huyu alimkaripia kwa sentensi ileile kila walipotazama pambano: hesabu ngumi inayofika, usihesabu kelele. Aliidhani ni kanuni ya majaji wote. Kumbe ilikuwa toba ya mtu mmoja.

"Samahani," Jaji akasema. Neno lilimtoka kwa vipande, na alilirudia mpaka likakamilika.

Shoto alichukua rimoti, akarudisha nyuma kidogo, akaiacha raundi iishe. Kisha akaomba kadi zifunuliwe kwa raundi hiyo. Jaji alikuwa ameandika kumi kwa tisa, Shoto. Binti naye vilevile, kumi kwa tisa, Shoto. Shoto akaiweka yake juu ya meza. Kumi kwa tisa, Tingatinga.

Baba na binti wakaitazama ile kadi bila kuelewa.

"Ngojeni," akasema Shoto. Akarudisha tena, akasimamisha. "Hapo, chini ya kiwiko changu. Mmeiona? Sasa angalieni uso. Nacheka, sivyo?"

"Unacheka," binti akakubali.

"Sicheki. Pumzi imekatika. Kuanzia hapo mpaka kengele sikuwa najua niko wapi, nilikuwa naisubiri ile kengele kama mtoto anavyomsubiri mama yake. Nilionyesha meno ili nyinyi msijue." Akamgeukia Jaji. "Hata ungekuwa na macho sita, mzee, usingeiona. Nilijua siku ileile kwamba saba ni ya Tingatinga. Uliandika bila kuona, na hilo ni kosa, nimelisikia, na nimekusamehe leo, si jana. Lakini uliandika sawa."

Jaji alikuwa akimtazama mdomo wazi.

"Mimi chuki yangu ilikuwa ya raundi ya nne," Shoto akaendelea, na sasa sauti ikapanda. "Ulinipa sare. Nilimdonoa dakika tatu nzima, hakunigusa, unaandika kumi kwa kumi. Siku ile mlangoni nilitaka nikuulize hilo tu, ukapita na mtoto, nikaona aibu. Miaka kumi nilikuwa naongea na wewe nikiwa peke yangu, nikifungua friji za watu."

Jaji akajiinua kitini kwa mkono wake mzima. Uso ulikuwa umemwiva.

"Nne ilikuwa sare," akasema. "Hata leo. Sare."

Ilikuwa sentensi yake ya kwanza iliyonyooka tangu augue, na aliyeisikia vizuri zaidi alikuwa binti yake, kwa sababu wale wawili tayari walikuwa wanafunua kadi za raundi ya nne na kunyoosheana vidole. Jaji, kweli, alikuwa ameandika kumi kwa kumi tena. Shoto alijipa yeye. Wote wawili wakamgeukia binti, kila mmoja kwa jicho la kuomba. Alikuwa amempa Shoto, akaona heri aseme ukweli. Baba akasema hapana, akasema hapana tena, kisha akamwita mwizi.

Walimaliza raundi tatu zilizobaki, na ukiacha ya nne na ya saba hawakutofautiana popote. Binti akajumlisha. Kadi ya Jaji ilisema tisini na sita kwa tisini na tano, Shoto. Ya binti, tisini na sita kwa tisini na nne, Shoto. Ya Shoto mwenyewe ilikuwa tisini na tano kwa tisini na tano, sare. Kwa kadi mbili kati ya tatu alikuwa bingwa, na iliyomnyima ilikuwa ya mkono wake.

Binti alimuuliza, kwa upole, kama angependa kuibadilisha. Shoto akafikiri kwa dhati, kama mtu anayepima bei ya kitu kizuri dukani, halafu akatikisa kichwa. Aliziomba kadi zote tatu, akaziingiza kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kanda.

Jumatano muuguzi alipokuja, Jaji alimwekea mkono juu ya kadi za picha kabla hazijatoka mkobani, akamwambia kwa kusitasita lakini bila kukosea kwamba raundi ya nne ilikuwa sare. Muuguzi hakuelewa hata chembe, ila aliandika kwenye daftari lake mistari mingi, na alipoondoka alikuwa anatabasamu. Mkono wa kulia ulibaki kama ulivyokuwa. Mguu uliendelea kuburuta. Madaktari hawakuahidi kitu. Lakini Jumamosi Shoto alibisha hodi saa nane kamili, safari hii na pambano la watu wengine, na kadi mpya zikagawiwa.

Raundi ya pili ilipoisha walikuwa tayari hawasikilizani. Binti aliwawekea chai, akasimama kidogo mlangoni, akaona kwamba hakuna anayemhitaji. Alivaa viatu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka Jumamosi mchana bila sababu tangu baba augue, na alipofika kwenye ngazi alisita, hajui aelekee wapi. Juu yake, kupitia dirisha lililo wazi, sauti ya baba yake ilikuwa inalitafuta neno, inalikosa, inalitafuta tena, na Shoto, badala ya kumsaidia, alikuwa anamngoja. Neno lilipopatikana lilikuwa la kumpinga. Binti akashuka ngazi zilizobaki, akashika njia ya upande wenye jua.