Kanzu Iliyopigwa Pasi

Kavugho alikuwa na mtu mmoja tu Louisville. Binti yake Chimène yuko Columbus, kazi ya ghalani, zamu juu ya zamu; dada yake Dative yuko Buffalo na baridi yake. Wakipiga simu Jumapili, haya. Wasipopiga, ndiyo basi. Aliyebaki ni Bi Odessa, Mmarekani mweusi wa nyumba ya pili pale Highview, aliyekuja kila siku saa sita mchana na birika la kahawa, wakakaa barazani wakielewana kwa Kiingereza cha kubahatisha.

Kazi yake ilikuwa kumtunza Mzee Wendell, mzungu wa miaka tisini, akiishi humo humo nyumbani mwake. Siku hiyo alifungua kasha la mzee akitafuta blanketi, akakuta kanzu nyeupe yenye msalaba kifuani, na kofia ndefu iliyochongoka. Maskini, imejaa madoa! Kwao Butembo, Kongo, nguo ya kanisa haiachwi ikaoza. Mama yake alizifua za padri miaka yote. Basi Kavugho akaifua, akaitia wanga, akaipiga pasi, akaitundika barazani, roho imemsuuzika.

Bi Odessa alifika na birika lake. Aliitazama ile kanzu, akageuka, akarudi kwake.

"Ni ya babu yangu, alikuwa Ku Klux Klan," alisema Mzee Wendell alipoulizwa. "Watu wanatia chumvi, eti kazi yao ilikuwa kuua weusi. Walianza kama klabu, vijana waliokosa la kufanya baada ya vita vya Kaskazini na Kusini. Walivaa mashuka watishane, wacheke. Ubaya ulikuja baadaye."

Kavugho alimkazia macho. Hadithi hiyo aliijua, tena sana! Waliochoma nyumba yake kule Kivu nao walitetewa hivyohivyo: vijana tu hao, walianza kwa kulinda mashamba.

"Bon, sawa, Mzee. Na yule wa kwanza kutishwa, alicheka?"

Mzee akageukia dirisha.

Alasiri Kavugho alibisha kwa Bi Odessa. Mlango ukafunguliwa kidogo, mnyororo ukiwa palepale.

"Mashuka hayo yalimtoa babu yangu nyumbani," alisema Bi Odessa. "Hakurudi."

"Sikujua, dada yangu. Haki ya Mungu sikujua." Akamweleza yote, hadi swali alilomtupia mzee.

"Umemuuliza vizuri." Mkono wa Bi Odessa ulishashika mnyororo ili aufungue. "Na kanzu yenyewe iko wapi?"

Mikono yake imemponza, jamani! Baada ya kumuuliza mzee aliianua, akaikunja pembe kwa pembe, akaitia dawa ya nondo isije ikaliwa.

"Nimeirudisha kashani," alisema.

Mlango ukafungwa polepole. Kesho yake saa sita Kavugho alikaa barazani, na hakuja mtu.