Chui Wawili Mezani kwa Mama Lin

Mie kijana sitaki. Nilishaolewa na kijana mmoja, nikamlea, nikamvisha, nikamnenepesha, na alipopendeza akaoa mwengine. Nikasema basi, Muzdalifa, kulea watoto wa watu mwisho. Kwa hiyo Hafidh aliponiambia kuwa ananitaka, na kwamba umri wake ni thelathini na sita, nilimkatalia hapo hapo kwenye ngazi, na mzigo wangu uko begani kwake. Mie mwaka ule naingia arubaini na tatu, wala sifichi. Nirudi kwetu Kikwajuni na mume niliyemzidi miaka saba, watu wapate la kusema mpaka Idi Kubwa? Thubutu!

Lakini nilikataa huku roho inaniuma. Nilimpenda, nisiseme uongo. Miaka ile ya tisini kumalizikia, Waafrika tuliofuata biashara kwa Wachina pale Guangzhou tulikuwa wa kuhesabika, tumepanga vyumba kwa Mama Lin pale Xiaobei, na katika wote hao Hafidh peke yake ndiye aliyenibebea mabunda yangu ya nguo kutoka soko la Shahe bila ya kuombwa. Nikiumwa, ananipikia chai ya tangawizi. Mtu wa taratibu, hana makelele, shati limepigwa pasi, nywele nyeusi tii. Weusi wenyewe ulizidi kidogo, lakini nani anauliza? Nalala nalia na mto wangu: mama yake Hafidh angefanya haraka kidogo kumzaa, kingemdhuru nini?

Basi, mwaka mpya wa Wachina ukatukuta Ramadhani inaishia. Wao wanangoja mwezi wao, na sie twangoja wetu. Maduka yote ya Guangyuan yamefungwa, wachukuzi wamekwenda makwao, huna wa kumuuliza bei. Wapangaji tulibaki watatu: mie, Hafidh, na Didas, Mhaya wa Bukoba aliyekuwa akinunua redio. Mama Lin akasema siku ya mkesha hakuna mtu kula peke yake, sote tukae meza moja na yeye na mumewe.

Kiswahili cha Mama Lin kilikuwa "dada", "mzigo" na "hapana". Kilichobaki alikisema kwa vidole. Na vidole vya Kichina vina mambo yake: sita ni kidole gumba na cha mwisho, nane ni gumba na cha shahada, utadhani anakuelekezea bastola. Lakini sote tulivijua, maana ndivyo tulivyokuwa tukipatana bei kila siku ya Mungu.

Magharibi ilipoingia tukafungua kwa tende, tukasali, tukakaa mezani. Nguruwe hakumtia ndani, Mungu ampe heri, na sufuria alinunua mpya. Katikati ya meza kaweka samaki mzima wa mvuke, na mkononi kashika mikanda miwili myekundu ya kitambaa.

Mikanda ile ilikuwa ya chui. Wachina wana wanyama kumi na wawili, kila mwaka na mnyama wake, na wakimalizika wanaanza tena. Mwaka ule ulikuwa wa chui mwenye milia. Sasa ukiwa umezaliwa mwaka wa chui, chui wako akirudi anakuletea mikosi, ila ujifunge chekundu. Mie mnyama wangu mbuzi.

"Dada Muzda," akasema Didas, na habari ya posa yangu nyumba nzima ilikuwa ikiijua, "chui na mbuzi! Hiyo si ndoa, hicho ni chakula."

Nikamtolea jicho, akajishughulisha na vijiti vyake.

Mama Lin akamfunga Didas mkanda, akaonesha tatu, akaonesha sita. Sawa, Didas ni thelathini na sita kweli. Akaja kwa Hafidh, akamfunga na yeye. "Mimi na Didas rika moja," Hafidh akasema, anatabasamu, ananitazama kwa pembe ya jicho.

Mama Lin akamshika mkono. Akamwinua pale kando ya Didas, akamweka kitako ubavuni mwa Mzee Lin, kisha akaizungusha sahani mpaka kichwa cha samaki kikamwelekea yeye Hafidh. Kwao kichwa cha samaki huelekezwa mgeni aliye mkubwa kwa umri.

"Mama, hapana!" Didas akaruka. "Huyu mdogo kama mimi!" Akaonesha tatu na sita.

Mama Lin akacheka. Akaonesha nne. Kisha akatoa bastola.

Ala! Arubaini na nane?

Hafidh akatikisa kichwa, akaonesha tatu na sita. "Bu xing!" akasema Mama Lin, neno lile lile la wenye maduka ukitaja bei ya kijinga. Akajishika kifua, akatoa ulimi nje, akajishika mkono kwenye mshipa. Hapo nikakumbuka. Mwezi uliopita presha ilimpanda Hafidh, na Mama Lin ndiye aliyempeleka kwa tabibu wa miti shamba. Tabibu lazima alimuuliza umri, na yeye, mjanja wa kutudanganya sote, kwa tabibu aliogopa. Wanasema mficha maradhi kilio humfichua. Huyu kafichuliwa na samaki.

Basi mkono wa Hafidh, kwa mazoea ya sokoni, ukaanza kupatana wenyewe. Ukaonesha tatu na nane.

Mzee Lin akahesabu kwa vidole, akalia kama panya. Mwaka wa panya huo! Hafidh akapandisha: arubaini. Mzee akahesabu tena, akabweka.

"Kaka, acha!" Didas machozi yanamtoka kwa kicheko. "Umeshakuwa panya, umeshakuwa mbwa. Chui yuko thelathini na sita au arubaini na nane, katikati hapo utamaliza zizi zima!"

Hafidh akaushusha mkono. Jasho likamtoka, na kwenye kipaji likashuka jeusi, rangi ya nywele hiyo, mpaka shavuni.

"Bi Muzdalifa," akasema polepole, "wewe mwanamke unajiweza. Niliona mzee hutomtaka."

Hasira zilinipanda, wallahi! Miezi yote ile nalia, kumbe dawa anayo mwenyewe kaificha! Nikasimama.

"Huyo wa thelathini na sita nilimkataa kwenye ngazi, na leo namkataa tena mbele ya watu," nikasema. Hafidh akainamisha kichwa. Didas akaacha kucheka.

"Lakini huyu," nikaonesha nne, nikaonesha bastola, "ndo kwanza namwona. Kama ana haja, Idi ikipita apeleke posa kwetu Kikwajuni, kwa kaka yangu Khatib. Na rangi hiyo akaioshe."

Mama Lin hakufahamu neno, lakini vidole vyangu aliviona, akapiga makofi kama biashara imekwisha. Nikakaa. Hafidh akajifuta uso kwa leso, akakivuta kichwa cha samaki, akaanza kula. Tangu ile tende ya kufuturu alikuwa hajatia kitu mdomoni.