Maharagi Bila Nyama

Kwa malewa ya Mama Micheline, kibanda cha chakula kule Birere, Goma, kulikuwa sufuria ndogo iliyofunikwa kando ya moto, na kila mutu aliyekula pale alijua ni ya Charline. Ndani yake maharagi tu, kitunguu na mafuta ya mawese. Nyama haikuingia, wala samaki, hata wale wadogo wa sambaza.

Watu walimucheka. "Mama, wewe unakulaga sawa mbuzi," Mbaraka, motari mumoja wa kubeba watu kwa pikipiki, alikuwa akimuambia. "Siku moja tutakusikia unalia mee!"

Charline alitabasamu, akaendelea kula. Hakuwa mutu wa kujibu haraka.

Sababu aliijua Micheline peke yake. Walitoka wote Kalengera wakati vita ilifika, mikeka kichwani, na katika kule kukimbia Barthélemy, bwana yake Charline, akapotea. Walipofika Goma, Charline alipiga magoti kanisani akamuwekea Mama Maria nadhiri: nyama haitaingia kinywani mwake mpaka Barthélemy arudi. Micheline alikuwa kando yake, ameshika mushumaa. Tangu hapo Charline akakonda, nguo zikawa zinamuhama, lakini nadhiri hakuiacha. Kila sahani ya maharagi aliiona kama kamba anayomuvutia bwana yake, polepole, kutoka kule aliko.

Siku moja mvua ilinyesha, watu wakajaa, chakula kikaisha. Mbaraka akaingia, ameloa, njaa imemushika. Micheline alikuwa inje, chini ya bati la nyuma, anaosha vyombo.

"Leo hata mimi nitakuwa mbuzi," akasema, akajipakulia kwa ile sufuria ndogo. Akaonja, akasimama na kijiko mukononi. "Ee! Na hii wanasema haina nyama! Iko na supu ya mifupa kupita ile yangu ya jana! Mama Charline, kumbe unatuchezea!"

Watu wakacheka. Charline akatazama sahani yake, nusu imekwisha. Utamu ule, siku zote alikuwa akiuita mukono wa Micheline.

Akatoka inje. Micheline alikuwa ameinama juu ya beseni.

"Micheline, unaweka nini ndani ya maharagi yangu?"

Micheline akaendelea kusugua sahani iliyokwisha kutakata.

"Ulikuwa unakwisha, dada yangu."

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

"Mushumaa uliushika wewe mwenyewe! Na kama Barthélemy harudi juu ya hiyo mifupa yako?"

"Barthélemy iko Ndosho, hapa hapa Goma."

Micheline akaweka ile sahani chini.

"Iko na mwanamuke kule, na mutoto ananyonya. Alikuja kula hapa siku ya Pasaka, hakujua ni kwangu. Akaomba mbavu za mbuzi. Aliponiona akanishika mikono: kwa jina la Mungu, usimuambie. Sasa mimi nikajiuliza: huyu anatafuna mbavu, na yule anajinyima juu yake. Hiyo ni nadhiri gani tena?"

"Anakujaga bado?"

"Asubuhi. Mbele wewe hujafika."

"Unamupakulia?"

"Ni mukiliya, Charline. Analipa kama wengine."

Charline aliitikia kwa kichwa polepole, kama mutu anayeelekezwa njia.

"Ungeniambia," akasema, "nyama ningeila mwenyewe. Kwa mukono wangu."

Micheline akaanza kulia. Charline hakungoja amalize.

Alipita vibanda vingi bila kuviona, mpaka njaa ikamusimamisha kwa malewa ya mama asiyemujua.

"Karibu, mama. Nikupe nyama?"

"Hapana. Maharagi tu." Yeye mwenyewe akashangaa kusikia kinywa chake kimejibu hivyo. "Supu ya mifupa haimo?"

"Haimo, mama. Haki ya Mungu."

Sahani ikaja, inafuka. Charline akamutazama yule mama usoni. Uso ulikuwa muzuri, wa kweli kabisa. Hata wa Micheline ulikuwa hivyo. Akainama, akanusa, akanusa tena.

"Kula, mama, itapoa."

Charline akaweka mikono juu ya magoti. Maharagi yakapoa.