Beki Aliyerudi Norrfors

Sixten Vikberg alicheza hoki ya barafuni miaka kumi na tisa, na mabao yake yote hayakufika arobaini. Hakuna aliyemlaumu kwa hilo. Alikuwa beki, tena beki wa mtindo wa zamani, yule ambaye akivuka mstari wa kati huanza kutazama nyuma kama mtu aliyeacha chungu motoni. Kazi yake ilikuwa kuzuia watu wasipite. Kule Havsnäs, mji wa pwani alikokaa karibu maisha yake yote ya mchezo, washabiki walimwita Mlango. Mshambuliaji akimjia mbio, jukwaa zima liliimba kwamba mlango umefungwa, na mara nyingi ulikuwa umefungwa kweli.

Kwao ni Norrfors, mji mdogo juu kabisa ya mto, ambako baba yake alipasua mbao kiwandani mpaka alipostaafu. Sixten alijifunza kuteleza kwenye barafu ya mto huohuo, na alipofika miaka kumi na saba akateremka pwani na begi lake. Mwaka mmoja alivuka bahari kwenda Amerika. Alicheza mechi kumi na moja kwenye ligi kubwa, kisha majira yote ya baridi yaliyobaki akazunguka na timu ya pili katika miji ambayo hata majina yake hakuyashika. Aliporudi hakuwa na kinyongo. Aliwaambia watu kwamba uwanja wa wenzetu ni mwembamba mno, ukigeuka tu umeshamkanyaga mtu.

Jambo lililomkaa moyoni lilitokea alipokuwa na miaka ishirini na sita, mwezi wa Februari, nyumbani Havsnäs. Walicheza na timu ya kusini iliyokuwa na mshambuliaji anayeitwa Jerker Åslund, kijana mwepesi kupita wote msimu ule. Jerker alipokea pasi karibu na ukuta wa uwanja, kile kisahani cheusi kinachochezewa badala ya mpira kikamponyoka, akainamisha kichwa kukitafuta katikati ya miguu yake. Sixten akamjia, akampiga kikumbo cha bega kifuani. Refa hakupuliza filimbi, maana sheria haikuvunjwa. Lakini kichwa cha Jerker kiligonga ukingo wa ukuta. Alitolewa kwa machela, na hakurudi tena barafuni kucheza. Baadaye ilisikika kwamba mwanga unamuumiza, kelele zinamuumiza, na kwamba mwaka mzima wa kwanza aliupitisha katika chumba chenye mapazia mazito.

Kila mtu alisema kikumbo kilikuwa halali. Sixten naye alipoulizwa alisema hivyo, wala hakudanganya. Ila kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyemuuliza. Alikiona kile kichwa kikiinama. Alipata nafasi, ndogo kama nusu pumzi, ya kulikwepesha bega lake, na hakulikwepesha. Alimwandikia Jerker barua. Ilikaa kwenye droo ya jikoni, na kila walipohama mke wake Solveig aliihamisha pamoja na visu na uma, asiseme neno.

Miaka kumi ikapita. Goti la kulia likaanza kuvimba baada ya kila mechi, na mwezi wa Mei klabu ya Havsnäs ikampa maua, ikampigia makofi, ikamwambia hakuna mkataba mwingine. Wiki ile ile simu ikalia.

"Sixten? Ni Jerker Åslund hapa."

Sixten akakaa kwenye ngazi.

Jerker alisema kwamba ameoa Norrfors na kwamba huu ni mwaka wake wa pili akiifundisha timu ya pale. Timu iko daraja la tatu, ina nguvu lakini haina akili. Anahitaji beki. Sixten akauliza beki wa namna gani.

"Mzee," alisema Jerker. "Vijana ninao."

Solveig alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi. Alimuuliza mumewe amejibu nini. Sixten akasema ameomba muda wa kufikiri.

"Umefikiri miaka kumi, Sixten. Nenda."

Walihamia mwezi wa Julai katika nyumba ya wazazi wa Sixten, na mwezi wa Agosti mazoezi yakaanza. Wachezaji wa Norrfors walikuwa watu wa kazi: fundi umeme, mwalimu wa hesabu, dereva wa lori la magogo. Mwenye maneno mengi kuliko wote alikuwa kipa, Ture Lövbom, fundi wa magari. Siku ya kwanza alimtazama Sixten akichuchumaa kufunga kamba za viatu, akasikia goti likilia.

"Huu ndio ule Mlango?" akasema. "Mbona bawaba zinapiga kelele? Kesho nitakuletea grisi, babu."

Chumba kizima kikacheka, na Sixten naye akacheka. Kocha hakucheka wala hakununa. Jerker alikuwa amenenepa kidogo, amevaa kofia iliyoshushwa hadi kwenye nyusi na miwani myeusi kwa sababu ya taa za uwanjani. Alimpa Sixten mkono kama alivyowapa wengine, akamwonyesha msumari wa kutundikia nguo, akaendelea na kazi. Aliongea kwa sauti ya chini, na kwa kuwa wachezaji walijua sababu, walinyamaza kumsikiliza. Sixten alisubiri aitwe pembeni, lakini wiki ya kwanza ikaisha, na ya pili ikaisha. Wakubwa walisema mwenye kovu usidhani kapoa, na kila alipokiona kile kivuli cha kofia alijiuliza chini yake kuna nini. Angependelea kutukanwa.

Mwisho wa Agosti walicheza mechi ya kirafiki na majirani wa chini ya mto. Matokeo yalikuwa mbili kwa mbili, dakika chache zimebaki, mshambuliaji mmoja wa wageni akaja akiambaa na ukuta, kichwa chini, macho kwenye kisahani. Sixten alikuwa mahali pake hasa, bega tayari. Halafu bega likakataa. Akamwacha apite. Yule bwana akaenda moja kwa moja hadi kwa Ture, akafunga.

"Leo mlango uliachwa wazi, babu," alisema Ture kwenye basi. "Mbu wote wa kaskazini wameingia."

Jerker aliandika kitu katika daftari lake, akafumba macho, akaegemeza kichwa kwenye kioo mpaka nyumbani.

Jumatatu ya kwanza ya Septemba msimu wa kuwinda elgi ulifunguliwa, na Norrfors ikawa tupu. Huyo elgi, paa mkubwa mwenye pembe pana kama sepetu, ndiye anayejaza majokofu ya mji mzima, na hakuna kocha mwenye akili anayeita mazoezi wiki hiyo. Sixten alipewa nafasi katika kundi la baba mkwe wa Jerker. Jerker mwenyewe hakubeba bunduki tangu aumie, lakini alipenda kukaa msituni. Asubuhi ile, watu walipogawiwa vituo, alisema kwa sauti yake ya chini kwamba atakaa na Sixten.

Walipanda kwenye jukwaa la mbao ukingoni mwa kinamasi, wakaketi bega kwa bega kwenye ubao mmoja. Jerker alikuwa na viziba masikio vikubwa shingoni.

"Ukitaka kufyatua nigonge goti kwanza," alisema.

Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji. Walikaa saa nzima wakiutazama. Kisha Jerker akafungua chupa ya kahawa, akatumbukiza vipande vya jibini katika vikombe viwili, kama inywewavyo kahawa huko kaskazini, akampa Sixten kimoja.

"Lile bao la Jumamosi," alisema. "Ulimwacha."

"Nilimwacha."

"Goti?"

Sixten angeweza kusema ni goti, na hakuna ambaye angemshuku. Akakitazama kikombe chake.

"Si goti. Kichwa chake kilikuwa chini. Wewe pia, siku ile, kichwa chako kilikuwa chini na nilikiona, Jerker. Nilipata muda wa kukukwepa. Ulikuwa mdogo, lakini ulikuwepo. Watu wote wamesema sikuwa na kosa, nami nimewaacha waseme."

Jerker alikunywa kahawa.

"Najua," akasema. "Nilipoweza kutazama runinga tena, niliitazama ile mechi. Nimeitazama mara nyingi kuliko inavyofaa. Unalishusha bega kabla. Mtu ambaye hajaona halishushi bega."

"Nilikuandikia barua."

"Sikuipata."

"Sikuituma."

"Basi ndiyo maana."

Ndege fulani aliruka kutoka kwenye misonobari, wote wawili wakamfuata kwa macho mpaka akatua ng'ambo. Sixten aliuliza, kwa shida, kwa nini basi alimpigia simu. Jerker alisema kwamba mabeki wake watano wote wanapiga vikumbo kama ng'ombe aliyefungiwa zizini, hawaoni mbele, na siku moja mmoja wao atamvunja mtu bila hata kujua amefanya nini. Hao hawezi kuwafundisha, kwa sababu yeye alikuwa mshambuliaji.

"Wewe unaona," alisema. "Nilitaka mtu anayeona."

"Na mimi umenisamehe?"

"Kuna siku nimekusamehe. Kuna siku kichwa kikiniuma, nikilala gizani nasikia watoto wangu wanatembea kwa vidole ili wasiniamshe, siku hizo sijakusamehe hata kidogo. Sijui kukuambia vingine. Tukae hivyo."

"Tukae hivyo," alisema Sixten. Machozi yalimlenga, naye hakuyafuta, maana angetikisa jukwaa.

"Ila ile ya Jumamosi isirudiwe. Kumwachia mtu njia si huruma, ni uvivu. Mzuie. Kuna namna ya kumzuia."

Saa nne mlio wa bunduki ulisikika mbali, upande wa mto, kisha baragumu ya kuashiria kwamba mnyama ameanguka. Wakashuka kwenda kusaidia kumvuta.

Kuanzia wiki iliyofuata Sixten alibaki na mabeki nusu saa baada ya kila mazoezi. Aliwafundisha kusoma miguu ya mshambuliaji, kumfungia njia mapema, kumbana ukutani kwa nyonga na mkono badala ya kumrukia kwa bega. Aliwafundisha kwamba mtu akiinamisha kichwa, gongo la kuchezea ndilo linalokwenda, likachukue kile kisahani. Mwalimu wa hesabu alielewa mara moja. Dereva wa lori alilalamika kwamba huo ni mchezo wa shangazi, mpaka siku alipomnyang'anya kisahani mshambuliaji bora wa ligi mara tatu katika kipindi kimoja, naye hakutoa jasho. Baada ya hapo hakulalamika tena. Timu haikupanda, ila iliacha kudidimia, na hadi Krismasi hakuna beki wa Norrfors aliyetolewa kwa kumuumiza mtu.

Sixten mwenyewe alicheza kila alipoweza. Goti lilikuwa likimnyima usingizi. Solveig, ambaye ni muuguzi, alilifunga bandeji bila kusema kitu, kwa namna ambayo kila mtu aliyeoa anaijua maana yake.

Mechi ya mwisho ilikuwa Jumapili mchana katikati ya Machi. Norrfors ilihitaji pointi moja tu ili isishuke daraja. Saa moja kabla ya kuanza, Sixten akiwa ameshavaa kila kitu, Ture alikuja kumnong'oneza aende chumba cha kocha. Taa zilikuwa zimezimwa. Jerker alikuwa amelala sakafuni juu ya mkeka wa mazoezi, taulo juu ya macho, uso umepauka kama unga.

"Leo siwezi," alisema. "Wapange wewe."

"Siwezi kupanga huku nacheza."

"Hapana. Huwezi."

Sixten alisikia watu wakianza kuingia majukwaani juu yao. Halafu akaketi kwenye kiti, akafungua kamba za viatu, cha kulia kwanza kwa sababu ya goti. Alivivua polepole. Akavua na fulana, akaikunja. Koti la Jerker lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango. Akalivaa, na mikono yake ikaishia juu kidogo ya vifundo vya mikono.

"Daftari liko mfukoni," alisema Jerker gizani.

Alipotokea kwenye benchi amevaa koti, wachezaji wakatazamana. Ture akampiga begani kwa gongo na kwenda golini kwake. Sixten aliwaambia kwamba kocha anaumwa, kwamba watacheza na mabeki watano, na kwamba wapokezane haraka ili asichoke mtu. Hakuwaambia jambo jingine. Mechi ilikuwa ngumu na isiyopendeza kutazamwa. Wageni walifunga mapema. Norrfors ilisawazisha kipindi cha pili kwa kisahani kilichomgonga mtu mguuni, na baada ya hapo wakazuia, wakazuia, dakika ishirini na tano. Sixten alishika ukingo wa benchi muda wote, bega lake likisogea kila mtu wake alipokwenda kukaba. Muda wa kawaida ukaisha kwa sare ya bao moja kwa moja, na sare hiyo ilitosha kuwapa ile pointi moja. Katika muda wa nyongeza wageni walifunga, lakini hakuna aliyejali.

Watu walipokuwa wakikumbatiana barafuni yeye aliteremka ngazi, akashika ukuta, akafungua mlango taratibu ili mwanga usiingie mwingi.

"Tumebaki," alisema.

"Nimesikia kelele. Nani alicheza nafasi yako?"

"Hakuna. Walikuwa watano."

Jerker alinyoosha mkono, taulo likiwa bado juu ya macho, akapapasa hewani mpaka akagusa mkono wa koti lake mwenyewe, akaushika.

"Nilitaka ucheze hii ya mwisho," akasema. "Wakuage vizuri."

"Waliniaga vizuri Havsnäs. Walinipa maua."

"Mazuri?"

"Yalinyauka."

Jerker alicheka kidogo, kisha akashika kichwa kwa sababu kicheko kilimuumiza. Sixten akaketi sakafuni kando yake, goti likiwa limenyooshwa, akaanza kumsimulia mechi kwa sauti ya chini, tangu lile bao la kwanza la wageni.