Tangawizi Iliyokataa Kukomaa

Bi Dorkas alikuwa amekishika kiatu chake cha kulia mkononi, kwa sababu mguu ulikuwa umevimba na kiatu hakikuingia. Cha kushoto alikivaa. Alikaa hivyo kwenye kiti cha plastiki mbele ya meza ya daktari, khanga moja kiunoni, nyingine begani, na kikapu chenye chupa ya chai katikati ya miguu. Mwanawe Eliamini alisimama nyuma yake, kofia mkononi. Walikuwa wameteremka kutoka mlimani, juu ya Gonja, umande haujakauka, na hospitali hii ilikuwa bondeni kabisa, mahali ambapo hata ukuta ukiugusa una joto.

“Shikamoo bibi,” alisema Daktari Rodrick bila kuinua kichwa.

“Marahaba, baba.”

Daktari aliitazama picha ya kifua kwenye mwanga wa dirisha. Akausikiliza moyo kwa mbele, akausikiliza mgongoni, akabonyeza mguu kwa kidole gumba na kulitazama shimo lililobaki. Kisha akamuuliza Eliamini, si mama mwenyewe:

“Mnalima nini huko kwenu?”

“Tangawizi, daktari. Na maharage kidogo, na migomba.”

“Hiyo tangawizi imefika wapi sasa hivi?”

“Imefika magotini.”

“Basi hii iliyoko shambani mama hataivuna. Moyo umetanuka. Mrudisheni nyumbani, mpeni anachopenda.”

“Umejuaje, baba?” aliuliza Bi Dorkas.

“Vipimo, bibi. Hii ni sayansi.”

“Kipimo gani kimeonyesha tangawizi?”

Daktari Rodrick alitabasamu kwa upole. Hakuwa mtu mbaya. Wagonjwa wengi walimsifu kwa sababu hakuwa na maneno mengi. “Uzoefu,” alisema, kisha akamwita mwingine.

Wakati wa kurudi walipitia kituo cha afya cha njiani, maana Eliamini alitaka mtu wa pili wa kuthibitisha. Pale alikuwepo daktari kijana, Shamsa. Naye aliitazama picha ileile, akausikiliza moyo uleule, muda mrefu kuliko mwenzake, halafu akasema, “Sijui, mama. Wenye moyo kama huu wengine huondoka mapema, wengine tunazeeka nao. Nitakupa vidonge vya kutoa maji mwilini na vya moyo. Punguza chumvi, halafu nitakuwa nakutazama.”

Eliamini alinuna njia nzima. “Tumepanda na kushuka kote huko tuje kuambiwa sijui? Huyo bado anajifunza.”

“Mimi nimempenda,” alisema Bi Dorkas. Akameza kidonge cha kwanza kwa chai ya kwenye chupa.

Habari ilifika kijijini kabla yao, na iliyofika ni ile ya Daktari Rodrick. Ile ya Daktari Shamsa hakuna aliyeibeba. Watu wakaanza kuja na maziwa na ndizi, wakikaa kwenye benchi la barazani na kuzungumza kwa sauti ya chini. Jirani yao Loth, mzee wa kanisa, alisema Bi Dorkas alikuwa mama mkarimu sana na alipika makande matamu. Bi Dorkas, aliyekuwa amekaa pembeni yake akichambua maharage, alimwambia makande yako jikoni, kama anayataka aache kusema ‘alikuwa’.

Kiangazi kikaingia. Kwa majirani majani ya tangawizi yakageuka manjano, yakalala, yakakauka, nao wakachimba kama kila mwaka. Shamba la Bi Dorkas, lililoanzia nyuma ya jiko na kuteremka hadi mferejini, lilibaki kijani. Bwana shamba alikuja na pikipiki yake, akachuna jani moja, akalinusa, akafukua udongo kidogo kwa kalamu. Alisema tangawizi hii bado changa. Aliulizwa itakomaa lini. Akajibu kwamba kwa kawaida ingekuwa tayari, lakini hii inaonekana imeambiwa ingoje, akapanda pikipiki akaenda zake.

Haikukomaa, ila ilikua. Tunguu moja la tangawizi lilipita chini ya ukuta wa jiko likatokea kando ya mafiga, na Jenifer, mke wa Eliamini, akalizoea akawa analikalia wakati wa kusonga ugali. Jingine lilinyanyua pembe moja ya nyumba. Mtoto wao akilazwa kitandani upande wa mashariki aliamkia upande wa magharibi. Mlango wa mbele haukufungwa tena, wakauzuia kwa jiwe. Maji ya mtungini yalikuwa na ukali wa tangawizi tayari, ikawa wanaongeza majani ya chai na sukari tu. Vidole vingine vilivuka njia chini kwa chini vikainua ngazi za kanisa, na mchungaji akatangaza baada ya ibada kwamba waumini waingilie mlango wa pembeni hadi hapo Bi Dorkas atakapoitwa.

Hakuna aliyegusa jembe. Eliamini aliyaficha yote darini. Aliona jambo hili ni wazi: mama hataivuna hii iliyoko shambani, kwa hiyo ikibaki shambani mama yupo. Kila asubuhi alizunguka shamba akiangalia kama kuna jani la manjano, akiliona moja lenye doa alilinyofoa kwa vidole na kulitia mfukoni.

Bi Dorkas naye alimeza vidonge vyake, akaacha chumvi, akateremka kila mara kwa Daktari Shamsa ambaye kila mara alisema hajui, ila mguu umepungua. Kama ulipungua kwa sababu ya vidonge, au ya chumvi, au ya tangawizi, hakuna aliyejua, na Daktari Shamsa hakudai kujua.

Siku moja asubuhi dirisha la chumba cha mtoto likapasuka. Jenifer alikuwa amembeba mtoto mgongoni, hakuumia mtu. Bi Dorkas aliingia na kutazama ufa uliotoka dirishani hadi kwenye paa. Akaweka kiganja ukutani akausikia ukisukumwa.

“Eliamini, teremsha majembe.”

“Mama, unajua alivyosema daktari.”

“Najua. Nilikuwepo. Nyumba hii aliijenga baba yako kwa mawe aliyoyatoa mtoni kwa kichwa. Itaanguka juu ya mtoto huyu ili mimi nikae barazani nisikilize Loth akinisifia makande?”

“Ukivuna utakufa.”

“Nikifa nitakuwa nimevuna.”

Akaomba uitishwe msaragambo. Huko kwao kazi ya kumzidi mtu mmoja huitwa msaragambo, kila nyumba hutoa mikono, na asiyefika husemwa muda mrefu. Mtangazaji alizunguka kijiji kizima akitaja kazi, mahali na siku. Siku ikafika. Walikuja wote, hata mchungaji, wamevaa nguo za kazi, wakajipanga kwenye ukingo wa shamba, majembe begani. Hakuna aliyeingia. Kila mmoja alisubiri mwenzake aanze, maana hakuna aliyetaka kuwa mtu aliyemuua Bi Dorkas mbele ya kijiji kizima.

“Mmekuja kufanya kazi au kuzika?” aliuliza Bi Dorkas.

“Tumejiandaa kwa yote mawili, mama,” alisema Loth kwa heshima.

Bi Dorkas akafunga khanga kwa nguvu, akaingia shambani peke yake. Alikuwa amevaa viatu vyote viwili. Akalishika jembe karibu na chuma, kama mtu asiye na haraka, akapiga kando ya shina lililokuwa nene kuliko bega la Eliamini. Akapiga tena. Udongo ukafunguka, harufu ikapanda hadi watu wakafuta macho. Alichimba akapumzika, akachimba akapumzika, mpaka tunguu likalegea kama jino la mtoto na kutoka lote, jekundu kwa udongo, lenye vidole vya kumtosha ng'ombe kulalia.

Akalikalia.

Kijiji kizima kikamtazama. Eliamini alimkimbilia akamshika kifundo cha mkono, akiutafuta moyo mahali alipoona daktari akiutafuta. Ulikuwepo. Ulikuwa unakwenda ovyo kidogo, kama ulivyokwenda mwaka mzima.

“Nipeni chai,” alisema Bi Dorkas.

Jenifer alimletea. Akainywa yote, akapindua kikombe kumwaga machicha ya chai, akainua macho.

“Haya, mnangoja nini? Si nimeshaivuna? Shikeni majembe!”

Hapo ndipo kelele zilipotoka. Vigelegele vilianzia kwa akina mama wa kwaya vikashuka bonde lote, na upande wa pili wa bonde wasiojua kitu nao wakajibu. Watu wakaingia shambani kwa wimbo, majembe yakipanda na kushuka pamoja. Matunguu mengine yalitolewa kwa kamba na vijana wa bodaboda wakivuta. Kadiri walivyochimba nyumba ilikuwa inashuka polepole, bila kishindo, ikarudi mahali pake, na mlango wa mbele ukajifunga wenyewe kwa mara ya kwanza tangu kiangazi. Ngazi za kanisa zikalala. Walijaza lori, wakajaza stoo, wakamgawia kila aliyeshika jembe, na mbegu ikabaki. Jioni walikula makande barazani, na Loth alisema Bi Dorkas anapika makande matamu sana.

Baadaye Bi Dorkas alitaka kwenda kwa Daktari Rodrick, kumwonyesha tu. Eliamini akabeba kidole kimoja cha tangawizi begani, kama gogo la kuni.

Daktari Rodrick alimwamkia, akausikiliza moyo, akatazama mguu. Halafu akaitazama tangawizi kwa umakini uleule, akaigonga kwa kidole.

“Hii imepitiliza,” alisema. “Mimi nilisema ile ya msimu ule. Tena kwa maelezo yenu kilichovuna ni kijiji, si bibi.”

“Shina la kwanza nililitoa mimi.”

“Moja, bibi. Moja si mavuno. Moyo bado umetanuka, kama nilivyosema.” Alimpongeza kwa kuonekana mwenye nguvu, akampa mkono, akamsindikiza hadi mlangoni.

Kwenye benchi la nje alikaa Abdulmalik, mfugaji wa Kwakoa, na baba yake mzee aliyepumua kwa shida. Wakaitwa. Mlango uliachwa wazi kwa sababu ya joto.

“Mnalima nini huko kwenu?”

“Hatulimi sana, daktari, tunafuga. Kuna ng'ombe mmoja ana mimba.”

“Basi ndama huyo mzee hatamwona.”

Walipotoka, Bi Dorkas alikuwa bado amekaa pale. Alivunja kipande cha tangawizi akamwekea mzee kiganjani, akamgeukia Abdulmalik.

“Huyo ng'ombe atakataa kuzaa, mwanangu. Msimngoje. Mkifika nyumbani, mzalisheni. Na hapo njiani yuko daktari binti, anaitwa Shamsa. Hajui. Mpitieni.”

Abdulmalik aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelekezwa mahali basi linaposimama. “Asante, mama.”

Ndani, kwa mgonjwa aliyefuata, sauti ya Daktari Rodrick ilikuwa tulivu kama kawaida.

“Mnalima nini huko kwenu?”

“Si letu, daktari, ni shamba la mkonge. Mimi kibarua tu.”

“Mkonge wenu unatoa ua lini?”

Bi Dorkas alikuwa ameshafika getini, viatu vyote viwili miguuni, akimuuliza Eliamini kama mjini hapa wana mbegu nzuri ya maharage, yale yanayochelewa kukomaa.