Msitu Ambao Kompyuta Iliufuta

Kwa wiki tatu Zuhra Akida alikuwa akikirudia kipande kimoja cha kijani kwenye kompyuta yake, na kila siku kilimkera zaidi.

Zuhra alizaliwa Kahama mjini, kwa baba anayeuza vipuri vya malori yapitayo Isaka, na sasa alikuwa mtafiti kwenye taasisi moja Mwanza. Alikuwa ametengeneza modeli, hesabu ndefu ya kompyuta inayosoma picha za satelaiti za miaka ishirini kisha ikakisia wapi miti itaondoka na wapi itabaki. Alikuwa ameilisha kila alichodhani ni sababu: umbali wa barabara, wingi wa watu, mteremko, mvua, na ukaribu wa machimbo ya dhahabu. Alipoitazama nchi kwa miraba mikubwa ya kilomita kumi kwa kumi, kuanzia Shinyanga hadi Geita, modeli ilipatia karibu kila mahali. Alipoishusha hadi vimraba vya mita thelathini, ukubwa wa kiwanja cha nyumba, ilianza kubabaika.

Na hapakuwa na mahali ilipokosea vibaya kama Nyashilungu, kijiji kilicho mbele ya Kharumwa. Ekari tisini za miti. Barabara iko karibu, ardhi ni tambarare, machimbo yapo pande mbili. Kwa hesabu za Zuhra, msitu ule haukupaswa kuwapo kabisa.

"Kifute hicho kipande," mkuu wake, Bwana Maganga, alimwambia. "Ni kosa la picha. Ekari tisini katika mkoa mzima ni nini?"

"Nitakifutaje kitu nisichokijua?"

"Basi nenda ukakijue. Lakini Ijumaa nataka ripoti."

Jumanne asubuhi Zuhra alishuka Kharumwa na kupanda pikipiki ya Kalisti, mwanamume wa makamo aliyechimba dhahabu miaka kumi kabla ya kuingia kwenye bodaboda. Njiani Kalisti alimuuliza anakwenda kutafuta nini, na alipojibiwa miti, alicheka mpaka pikipiki ikayumba.

"Dada, huku watu huja kutafuta kilicho chini. Wa kutafuta kilicho juu, wewe wa kwanza."

Nyumba ya mwisho kabla ya msitu ilikuwa ya Lusia, mjane wa miaka sitini hivi, ambaye wanakijiji walimwita Mama Masalu kwa jina la bintiye mkubwa. Walimkuta akianika mihogo.

"Mwangaluka," Kalisti alisalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu, mama."

"Shikamoo mama," Zuhra akafuatia.

"Marahaba." Lusia aliutazama mkoba wa Zuhra na kifaa cha kupimia kilichoning'inia shingoni mwake. "Kama umetumwa kuja kupima dhahabu kwenye ngitili yetu, mwanangu, rudi na pikipiki hiyohiyo."

Ngitili, kwa Wasukuma, ni eneo linalofungwa ili majani na miti vipumzike. Zuhra alijua neno hilo tangu utotoni. Ila hakuwahi kulilisha kwenye modeli yake. Badala ya kujieleza alitoa picha ya satelaiti aliyoichapa, akaitandaza juu ya kigoda.

Lusia aliinama. Kwa muda alionekana amepotea, kisha kidole chake kikaanza kutembea. "Hii ni barabara. Hili bwawa. Hapa kwangu!" Akainua uso. "Mmetupiga kutoka wapi?"

"Juu sana. Kila baada ya siku chache. Mama, kompyuta yangu inasema msitu huu haupo."

"Waambie walioitengeneza waje waone."

"Nimeitengeneza mimi."

Lusia alimkazia macho, halafu akachukua panga lake. "Twende."

Ndani ya msitu palikuwa na ubaridi na harufu ya majani makavu. Zuhra alitegemea kuona miti ya kale. Hakuuona hata mmoja. Miti mingi ilisimama kwa makundi, mitatu au minne ikitoka kwenye kisiki kimoja, imenyooka, unene wa paja. Hapa na pale palikuwa na kisiki kibichi kilichokatwa karibu na ardhi, kwa mshazari ili maji yasituame, na tayari machipukizi yalikuwa yakichomoza pembeni. Alipiga magoti akaanza kuyahesabu.

"Mnakata?" aliuliza kwa mshangao. "Nilidhani mmeufunga."

"Tunakata. Matimba."

Kalisti ndiye aliyefafanua. Matimba ni magogo ya kushikilia kuta za duara, yaani shimo la mgodi, yasiporomoke. "Bila matimba mazuri unashuka kaburini kwa miguu yako."

Lusia alikaa kwenye gogo. "Mwaka elfu mbili na tisa hapa palikuwa peupe. Shamba la pamba lililochoka. Miti mikubwa yote ilikwisha kuingia mashimoni, wachimbaji wakawa wanatumia mikaratusi michanga. Mume wangu Edward alikuwa chini na wenzake wawili. Matimba yalivunjika kama mabua." Alichomoa jani lililonasa kwenye khanga. "Baada ya matanga niliwaambia majirani: dhahabu hatutaizuia, waume zetu watashuka tu. Basi tuoteshe kitu cha kuwashikilia. Visiki vya zamani vilikuwa hai bado, chini ya majani ya pamba. Tuliacha kulima, familia tisa, tukavilinda. Mti haukatwi mpaka ufikie unene huu," akazungusha viganja vyake viwili kwenye shina, "na kisiki hakichomwi moto."

Zuhra alisahau kuandika. Modeli yake ilijua njia moja tu: msitu kugeuka shamba. Hakuipa njia ya shamba kugeuka msitu, kwa kuwa kwenye miraba mikubwa jambo hilo halikuonekana kabisa. Na machimbo aliyaandika kama adui wa miti kila mahali, kumbe hapa ndiyo yaliyofanya watu waithamini.

"Sasa nami nikuulize," Lusia alisema. "Sisi tunatoa matimba kidogo kwa mwaka. Machimbo yanataka mengi. Hayo mengine picha yako inajua yanatoka wapi?"

Zuhra alifungua kompyuta mpakato hapohapo. Walitazama wote watatu. Upande wa magharibi, kuelekea Mbogwe, doa jekundu lilikuwa limetanuka kuanzia mwaka uleule ngitili ilipofungwa.

"Malori ya magogo yanatoka huko," Kalisti alisema taratibu. "Nimeyapakua kwa mikono yangu."

Uso wa Lusia ulibadilika. "Kwa hiyo nilipofunga hapa, nilifungua kule?"

"Sijui, mama. Huenda wangekwenda hata hivyo. Hicho ndicho sikijui."

"Usipojua unafanyaje?"

"Naenda kuangalia."

"Nami nakuja."

Ripoti ya Ijumaa haikuandikwa. Alhamisi walifika kijiji kimoja cha Wasumbwa kwenye ukingo wa doa jekundu, na mwenyekiti wake, mzee Bujiku, aliwapokea kwa maneno makali. "Mnafungia kwenu, wao wanakuja kwetu!"

"Ndiyo maana nimekuja," Lusia alimjibu. Akamwonyesha visiki vilivyokuwa mbele ya ofisi yake mwenyewe, namna ya kukata ili vichipue. Wengi waliosikiliza waliondoka wakinung'unika kwamba miaka kumi na mitano ya kusubiri ni mingi. Bujiku na wakulima wawili walikubali kufunga kilima kimoja kwa majaribio.

Zuhra aliijenga upya modeli, safari hii ikiwa na njia ya shamba kurudi kuwa msitu, na barabara za malori ya magogo. Kwenye vimraba vidogo ilipatia zaidi. Kwenye miraba mikubwa ilikosea zaidi kidogo kuliko zamani, na Bwana Maganga alikuwa bado hajaamua kama ni maendeleo. Hata hivyo hakusema tena neno kufuta.

Juma moja baadaye Lusia alipiga simu. Alitaka kuona picha ya Nyashilungu ya mwaka aliozaliwa.

"Mama, haipo. Satelaiti hizi zilikuwa hazijarushwa."

"Hazijarushwa! Basi chukua kalamu, mwanangu. Tuanzie bwawani. Upande wa jua linakotoka kulikuwa na mininga mitano..."

"Mininga?"

"Mininga, ndiyo, mitano. Usinikatize. Umeandika?"

Zuhra alivuta karatasi safi, akachora bwawa.