Pua ya Apolonia

Mtu anayepika sumu huku anaimba, walisema, huyo amekusudia. Hivyo ndivyo kikao cha ukoo kilivyoanza kule Nkoma, Apolonia mwenyewe amekaa kwenye mkeka juani, mikono mapajani, kama mgeni katika mji alioolewa miaka thelathini iliyopita.

Binti yake, Joyness, alikuwa amefika kwa bodaboda kutoka Somanda, anakofundisha Kiswahili. Alijua uzito wa siku ile. Mama yake ni mjane. Shemeji zake wakimwita mchawi ataondoka na nguo alizovaa, tena akibahatika.

Siku nne nyuma Apolonia alikaanga mboga kwa dawa ya kupulizia pamba. Ilikuwa jikoni, ndani ya chupa ya mafuta ya kula. Harufu ilijaa uani, yeye akaendelea kugeuza mwiko huku anaimba. Mboje, mke wa shemeji yake Jilala, alidhani mafuta yameungua tu, akaonja kidogo akatema. Alilazwa siku mbili.

"Tangu homa ya masika, mama hasikii harufu yoyote," Joyness alisema. Akafungua daftari la hospitali. "Daktari ameandika hapa: anosmia."

"Ano-nini?" Jilala akauliza. "Mmeleta ukimwi mwingine?"

Wawili watatu wakacheka.

"Ni neno la madaktari, baba mdogo. Asiyeona tunamwita kipofu, asiyesikia tunamwita kiziwi. Asiyenusa hatukumpa jina, ndiyo maana mnamtafutia jina baya. Mimi nauita upofu wa pua."

"Diploma hiyo. Mkikosa la kusema mnatunga maneno," Jilala akadakia.

"Mbona hakusema?" akauliza mzee Mayige, mkubwa wa ukoo.

Apolonia akajibu akitazama mkeka. "Niliona aibu, baba. Mwanamke asiyejua maziwa yameharibika, nani atamwachia kibuyu?"

Mayige akainuka. Kisha akaingia ndani, akatoka na kikombe cha bati kimejaa.

"Jua limewaka, mayu. Kunywa maji, mama."

Kabla hajamfikia, watu wote walishapata harufu. Yalikuwa mafuta ya taa. Mboje akaziba pua kwa khanga. Apolonia akapokea kwa mikono miwili, akashukuru, akainua kikombe. Kilipogusa mdomo Mayige akamdaka mkono, mafuta yakamwagikia vidole vyao.

Hakuna aliyecheka tena. Apolonia aliwatazama mmoja mmoja, hajui amekosa nini.

"Tumemwonea," Mayige akasema. "Mji huu ni wake."

Wazee wakaanza kuinuka. Joyness hakuinuka.

"Na dawa ya pamba, nani aliiweka kwenye chupa ya mafuta?"

Macho yakamgeukia Jilala. Msimu huu aliyepulizia alikuwa mmoja tu.

"Ni wewe, baba mdogo. Mkeo alilazwa kwa mkono wako, ukakaa hapa kumhukumu mama yangu."

Jilala akasimama.

"Binti, umevuka mpaka," Mayige akasema. "Huyo ni baba yako. Muombe radhi tumalize."

Apolonia akamvuta sketi. "Omba tu, mwanangu. Yamekwisha."

Joyness akafunga daftari.

"Shikamoo nitampa kila nikimwona, babu. Radhi siombi."